Honi Iliyolia Jumatatu

Honi ya gari la Dhoihir ilikuwa na tabia ya kupiga yowe bila kuguswa. Nayo haikuwa honi ya adabu. Watu wa Mutsamudu wanasimulia kwamba siku ilipolia mara ya kwanza, mbuzi wawili wa Hombo walizaa kabla ya siku zao, na kiziwi mmoja wa karibu na bandari aligeuka akauliza nani anamwita. Anayebisha akamuulize kiziwi mwenyewe, bado yupo.

Mwaka mwingine watu wangecheka, yakaisha. Lakini mwaka huo kisiwa kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, ng'ambo ya bahari. Askari walikuwa wameteremka kutoka Moroni, wakapigwa, wakarudi walikotoka, na tangu hapo vijana wenye bunduki waliweka kizuizi cha mapipa kwenye barabara ya Hombo. Kila kelele isiyo na mwenyewe iliulizwa imetoka wapi. Na Dhoihir, maskini, alikuwa mtu wa Moroni.

Mtu wa Moroni kwa kusemwa tu. Huko Moroni kwenyewe walimwita mtu wa Bukini, yaani Madagaska, kwa kuwa alizaliwa Majunga, akahamishwa pamoja na wenzake mwaka sabini na saba baada ya Wakomoro wengi kuuawa huko, akashuka na shati moja na bisibisi mfukoni. Akajifunza umeme wa magari katika ua wa fundi mmoja Vouvouni, mpaka ikawa gari likizimika taa, watu wanamtaja yeye kabla ya kumtaja mwenye gari. Kisha akamwoa Bahiat wa Mutsamudu, akavuka bahari na mkoba wa vifaa na kigari kikuukuu cha Kifaransa, alichokinunua kwa bwana harusi mmoja wa Ntsoudjini. Na kwa desturi ya visiwa vile, mume ndiye anayehamia. Nyumba ilikuwa ya Bahiat, alijengewa na mama yake, na mama huyo, Bibi Moinaecha, alikaa chumba cha mbele, akimwona kila anayeingia na kila anayetoka na alichobeba.

Bibi Moinaecha alikuwa mwanamke aliyejaa. Akipanda kiti cha nyuma, magurudumu ya mbele yalitaka kuiaga barabara. Kila Jumatatu Dhoihir alimpeleka Hombo, hospitali, kupimwa presha. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kula mbele yake wala kumtazama juu ya kifundo cha mkono. Kile kiti cha nyuma alikipangusa kwa kitambaa huku akitazama pembeni. Kukifunua? Astaghfirullah! Mahali anapokalia mkwe?

Kwa hiyo wiki sita alikuwa akiutafuta ugonjwa wa honi kila mahali, isipokuwa hapo. Alibadilisha fyuzi, nayo haikuwa na kosa. Alifungua usukani, akakisafisha kitufe mpaka kikang'aa. Alijua, kwa jinsi honi ya gari lile ilivyofungwa, kwamba haihitaji zaidi ya waya wa kitufe kuchubuka na kugusa chuma cha bodi. Lakini unagusa wapi? Aliufuata kwa vidole polepole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, akaukuta mzima. Na kulikuwa na jambo moja ambalo moyo wake ulilijua na ulimi ukalikataa: honi ililia Jumatatu tu.

Jumatatu moja, walipokata kona ya juu ya bandari, ikalia mara tatu, ndefu. Bibi Moinaecha akasema, “Mwanangu, gari lako leo limeamka na njaa.” Dhoihir akamshusha hospitali, akageuka peke yake. Kizuizini akakuta mapipa yamefunga njia.

Mkuu wa kizuizi alikuwa Mahamoud, mchukuzi wa bandarini kabla hajapewa bunduki.

“Honi tatu,” alisema. “Na robo saa baadaye mashua isiyojulikana imeonekana kule nje. Ulikuwa ukimwita nani, bwana wa Moroni?”

“Inalia yenyewe, wallahi.”

“Yenyewe! Haya, iambie ilie.”

Dhoihir akatazama honi. Honi ikanyamaza kama bibi harusi.

“Boti iko gatini,” alisema Mahamoud. “Ikiisha sala ya alasiri inaondoka na watu wa kwenu. Gari lako lilie lenyewe kabla ya hapo, nami nisikie kwa masikio yangu. Lisipolia, unapanda.”

Maisha yake yote fundi huyu alikuwa akifukuza ubovu. Leo aliutafuta kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Aliinua boneti. Alikata usukani kushoto, akaukata kulia. Aliwasha taa, akakanyaga breki, akamwaga maji kwenye nyaya, jambo ambalo angempiga mtu kofi kwa kulifanya. Akawaomba vijana walitikise gari, nao wakalitikisa kwa furaha mpaka kioo kimoja kikaanguka ndani ya mlango. Kimya. Akamwomba kijana aitwaye Chanfi akae kiti cha nyuma. Chanfi alikuwa mwembamba hivi kwamba bunduki yake ndiyo iliyomvaa yeye. Kimya.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Chini gatini alimwona Nouroudine, kinyozi wa Moroni, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akisubiri boti. Bahiat hakuwa na habari. Nani angemwambia? Na akifika Moroni, afikie kwa nani? Jibu la honi alikuwa nalo kooni, limekwama. Kulisema ni kumwaibisha mkwe wake mbele ya vijana wa mtaani, na mume aliyemwaibisha mama wa mwenye nyumba huukuta mkeka wake nje. Boti huku, mkeka kule. Akarudi kukisafisha kitufe kisafi.

Mwadhini wa alasiri alikuwa ameanza kukohoa kwenye kipaza sauti teksi ilipofika, na mlango wake ukafunguliwa kwa shida.

“Mkwe wangu!” Bibi Moinaecha alifoka akishuka. “Nimekaa kwenye benchi mpaka benchi limenizoea! Kuna nini hapa?”

“Koko, mkweo anapelekwa kwao,” alisema Mahamoud, akimwita bibi kwa heshima, kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. “Anapiga honi za ishara, halafu anatuambia gari linajiliza.”

Dhoihir alitazama mchanga. Jasho likamdondoka puani.

“Mama,” alisema, “naomba… kama hutojali… ukae garini kidogo.”

“Mimi? Mbona hawa wote wana makalio?”

Vijana wakaguna. Dhoihir akafumba macho.

“Inalia… ukikaa wewe, Mama.”

Hata mwadhini, wanasema, alisahau maneno ya adhana. Bibi Moinaecha akaweka mikono kiunoni.

“Unasema mimi ni mzito?”

“Nasema waya ni mdogo, Mama.”

Bibi akaugeukia mlango wa nyuma, akaingia kwa awamu, akakaa. Honi ikapiga yowe mpaka kunguru wakaruka kutoka mapaa ya mji mzima. Akainuka: kimya. Akakaa: yowe. Akainuka, akakaa, akainuka, akakaa, sasa akicheka mpaka machozi.

“Basi jasusi ni mimi! Nifungeni, Mahamoud! Lakini leteni watu wanane wa kunibeba!”

Chanfi alikuwa ameketi chini, ameshika mbavu. Mahamoud hakucheka, ila masharubu yake yalihangaika.

“Funua kiti,” alimwamuru Dhoihir.

Dhoihir alimtazama mkwe wake, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza. Naye akatikisa kichwa kukubali. Alipokifunua, akaona waya mwekundu uliotambaa chini ya zulia, umechubuliwa na springi na kusogezwa na mtikiso wa vijana mpaka karibu kabisa na chuma, na mwishoni mwake kitufe cha pili kimefungwa utepe wa harusi. Yule bwana harusi wa Ntsoudjini aliyemuuzia gari! Alikitia hapo ili siku ya msafara wake ajipigie honi mwenyewe akiwa nyuma.

Mahamoud aliugusisha waya kwenye chuma. Honi ikalia.

“Nenda kwa mkeo,” alisema.

Boti iliondoka na kinyozi na godoro lake. Dhoihir aliisindikiza kwa macho, kisha akatoa tepu mkobani ili aufunge waya. Bibi Moinaecha akamshika kifundo cha mkono.

“Usiuguse. Wakikusikia unapita kimya, watauliza tena. Huo waya ndio karatasi yako ya kukaa hapa, mwanangu, na mimi ndiye muhuri.”

Akaurudisha ulivyokuwa. Na kwa miezi mingi baadaye, fundi aliyenyamazisha magari ya mji mzima alikaribia mapipa kila Jumatatu akizisikiliza springi za nyuma yake, akimwomba Mungu honi ilie.