Mzizi wa Ukuta wa Jikoni

Doreen Threlkeld hakuwahi kuweka vibao katika bustani yake. Watu wengine hapa kijijini huchomeka vijiti vyenye majina, huu mnanaa, vile vitunguu, naye alikuwa akivipita akicheka bila kujificha. Alisema mtu anayehitaji kusomewa mimea yake mwenyewe bora anunue mboga dukani. Maisha yake yote ya kazi alipika katika jiko la shule, na kila jioni alivua aproni, akavaa mabuti, akaingia bustanini. Nimeishi upande wa pili wa ukuta wake siku nyingi, na mabuti yale nayajua kwa mlio. Mama yule ni mbishi kupindukia, na nampenda hivyo hivyo.

Mwaka ule baridi ilishika mapema na ikagoma kuondoka. Theluji ilianguka, ikaganda, ikaanguka nyingine juu yake. Kabichi ziliinamisha vichwa, na liki, vile vitunguu vya majani marefu, zilishikwa na udongo kana kwamba zimepigiliwa misumari. Maua yote ya kiangazi yalikuwa yameshakufa mpaka chini, yamebaki mizizi tu ardhini, na jicho halioni kitu. Ndege walishuka kutoka mlimani kwa njaa. Makundi yaliyotoka kaskazini yalimaliza matunda mekundu ya mti wa miiba kwa siku moja, na ndege mmoja mweusi mwenye mdomo wa manjano akawa anapigana na kila aliyekaribia makombo. Asubuhi Doreen alitoka na birika la maji ya moto kuyeyusha barafu kwenye karai lao la kunywea, huku akiwagombeza kuwa ni wavivu.

Kila Jumapili alikuja mdogo wake, Wilf, mgane, fundi wa kuezeka mapaa kwa vigae vya mawe. Huchomwa nyama ya ng'ombe, na huku kwetu nyama hiyo hailiwi hivi hivi. Lazima iwe na ule mzizi mkali, mweupe, unaokunwa na kuchanganywa na siki na krimu, unaopanda puani mpaka machozi yakutoke. Wilf alijisifu kuwa yeye huula kwa kijiko kama uji. Jumapili moja ya baridi ile na mimi nilialikwa.

Niliona kwa dirisha langu Doreen akitoka kuuchimba. Alikuwa na mafua mabaya, pua imeziba kabisa. Alijaribu jembe la meno pale kando ya njia, anapochimba siku zote, likadunda kama limepiga mwamba. Akahamia kwenye ukuta wa jikoni. Pale mzizi ule umejisambaza pia, na joto la jiko hupita kwenye mawe likaacha udongo laini. Jembe likaingia. Ndege mdogo wa kifua chekundu akarukia shimoni kutafuta minyoo hata kabla ya mzizi kutoka, Doreen akamsukuma taratibu kwa ncha ya buti. Nilimwonea wivu, maana bustani yangu ilikuwa jiwe tupu.

Mezani alitueleza kuwa vidole vyake vimekufa ganzi tangu alipokuwa akikuna, na kwamba safari hii hakutoa hata chozi moja. Alidhani ganzi ni ya baridi, na chozi limezuiwa na mafua. Tulicheka. Wilf alijipakulia kijiko kizima, akala, akajipakulia kingine.

"Dada, mzizi wako umezeeka," alisema. "Hauumi. Kama wewe tu."

Doreen akamwambia anyamaze ale. Mimi nililamba kidogo kwa ncha ya uma, kwa adabu, maana sijawahi kuupenda. Punde nikahisi ulimi wangu unatembewa na sisimizi. Wilf naye aliweka kijiko chini. Alikuwa akijipapasa midomo kwa kidole, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Midomo siisikii," alisema.

Doreen aliviangalia vidole vyake.

"Mafundi wa bomba," alisema.

Hatukumwelewa. Aliinuka, akatoka nje bila koti, nami nikamfuata. Alipiga magoti kwenye theluji na kulifukua lile shimo kwa mikono. Akatoa kipande kingine cha mzizi, cheusi, kifupi, kinene juu na chembamba chini. Ule wa kuliwa ni mrefu na una rangi ya udongo mkavu. Ikishamenywa, yote miwili ni myeupe.

Ndipo aliponieleza, meno yakigongana. Wakati majani yanapukutika walikuja mafundi kuchimba mtaro wa bomba kwenye ua wa nyuma, akalazimika kung'oa kofia-ya-mtawa, lile ua la buluu ambalo kila mkulima huku anajua mzizi wake ni sumu. Akaufukia kando ya ukuta wa jikoni kwa muda, mpaka masika. Halafu baridi ikaja, majani yakafa, naye akasahau.

"Nimemuua," alisema. "Nimemuua mdogo wangu."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilitema mate kwenye theluji, nikatema tena, na bado ulimi ulikuwa si wangu.

Doreen ndiye aliyepiga simu hospitali. Alilitaja ua kwa jina lake. Walipomuuliza kama ana hakika, akajibu kwamba ameuchimba mwenyewe, ameukuna mwenyewe, na ameuweka mezani mwenyewe. Wakamwambia gari la wagonjwa haliwezi kupanda kilima kwa ile barafu. Tumteremshe mpaka barabara kuu. Nilikimbia kwa Garnett, mfugaji wa juu yetu, akaja na trekta na tela lake la nyasi. Wilf alikuwa ameshatapika sakafuni, jasho linamtiririka, mikono baridi. Alisema moyo unarukaruka, unasimama, unaruka tena.

Tulimlaza kwenye nyasi tukamfunika mablanketi. Doreen alimpakata kichwa na kumwambia asilale, aseme, aseme chochote. Basi tulipokuwa tukishuka Wilf akaanza kutaja mapaa. Hili la kina Garnett, nililiezeka mimi. Lile la posta ya zamani, mimi. La mwalimu, mimi na baba. Sauti ilizidi kuwa nzito, na baina ya paa moja na jingine kimya kilizidi kurefuka. Tulipokaribia daraja akaacha kabisa. Macho yalikuwa wazi lakini hayatuangalii.

Doreen alimpiga kofi. "Wilf. Kanisa. Nani aliezeka kanisa?"

Trekta ilinguruma, theluji ikatupiga usoni. Akampiga tena, huku analia. "Nani aliezeka kanisa, wewe?"

"Mimi," alisema Wilf, kwa mbali sana.

Gari la wagonjwa lilikuwa likitungoja barabara kuu. Hospitalini moyo wa Wilf ulisimama, wakaurudisha. Mimi walinilaza kitandani kwa uangalizi, na asubuhi wakaniruhusu. Doreen alikaa kwenye korido na mabuti yake miguuni, akikataa chai, akikataa kulala, mpaka daktari alipomwambia Wilf atapona. Hakufurahi. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa aendelee kungoja.

Aliporudi nyumbani alichoma mizizi iliyobaki kando ya ukuta. Kisha aling'oa kila kitu ambacho asingeweza kuapa kuwa anakijua, na udongo ulipoanza kulainika nusu ya bustani ilikuwa wazi, imebaki ya ndege. Kupika aliendelea, ila kwa namna iliyotuumiza kumwangalia. Alijipakulia kwanza, akala kidogo cha kila kitu, halafu akaweka mikono mapajani na kungoja kama ganzi itakuja. Aliyealikwa alingoja naye. Supu ilipoa, mchuzi ukaganda.

Jumapili ya kwanza Wilf kurudi mezani alikuwa amekonda, shati linampwaya. Doreen akakata nyama, akajipakulia, akaonja, akaweka mikono mapajani. Nilitazama sahani yangu. Wilf akanyoosha uma juu ya meza, akachoma kipande kilekile alichokiuma Doreen, akakitia mdomoni na kutafuna polepole.

"Chakula kinapoa, dada," alisema.

Doreen akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Wilf akaendelea kula kutoka kwenye sahani ya dada yake.