Nabii Aliyewabadilisha Majina

Nakumbuka Jumapili moja baada ya misa, hapa hapa Ulyankulu, mwanangu, nilipokaribia kumpoteza pacha wangu. Mimi ni Bukuru, niliyetangulia kuzaliwa. Yeye Butoyi, aliyenifuata. Kwetu Warundi mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo.

Alitufikia mtu tuliyemwita Nabii. Kanzu nyeupe, sauti laini kama anakubembeleza ulale. Alikuwa na jeshi msituni, ng'ambo ya mpaka. Alisema kamanda ni Mungu, na aliyepakwa mafuta yake risasi haimpati. Vijana walimwamini. Tulikuwa wakimbizi, tumefukuzwa kwetu Burundi, na nani hataki kurudi kwao? Hata mimi nililia aliposali.

Siku hiyo akawapanga vijana kando ya ghala la tumbaku, akawapaka mafuta, akawapa majina mapya. Butoyi akawa Upanga.

"Jina la zamani limekufa," akasema. "Atakayeliitikia hatufai."

Mama akatokea na mwiko mkononi. Nilidhani atamtukana. Wala. Aliita tu, vile alivyotuita kila siku: "Bukuru! Butoyi! Ugali unapoa!"

"Abee!" nikaitika.

"Naam!" Butoyi huyo, nyuma yangu, kama kawaida yake.

Watu wakacheka. Nabii hakucheka. "Upanga, ni wewe?"

"Ni mimi, Baba. Ila mama akiita, mdomo unafunguka wenyewe."

"Basi nenda ukanyonye!"

Butoyi alitununia wiki nzima, maskini. Wenzake wakapanda lori: Melkioro, Nestori, Gaspari mwana wa fundi baiskeli, na Sipriani aliyeniahidi khanga. Hakuna aliyerudi. Mama yake Nestori aliendelea kumpakulia chakula mpaka alipofariki.

Mwanangu, juzi nimekusikia na yule mhubiri wako wa kwenye simu, anayetaka vijana waache ndugu zao wakashike silaha. Kusali sikukatazi, rozari yangu umeiona ilivyochakaa. Lakini anayekuita kwa Mungu huku anakukataza kumwitikia mama yako, huyo anakuita kwake mwenyewe. Muulize wanawe wa kuwazaa wako kikosi gani. Halafu ondoka, hata wakikucheka. Butoyi alichekwa, na leo yuko Urambo anagombana na wajukuu.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Magoti yakuume kama haya yangu, na awepo wa kukukanda.