Programu Yangu Haibishani

Aibu hii nimekaa nayo wiki nzima, leo acha niitue.

Tangu intaneti ifike hapa Singida mjini kwa waya wa simu, mimi ndiye mjuaji. Bi Rukia, mwenye kibanda cha intaneti ninakofanya kazi, alitaka programu ya kuvuta bei za alizeti kutoka tovuti ya Dar, ili wakulima wa kijiji cha Issuna wazijue kabla hawajawauzia wenye malori. Nikaiandika, nikajigamba: "Programu yangu ina adabu. Ikiambiwa tovuti imehamia anwani nyingine, inakwenda. Haibishani."

Jumatatu bei hazikuja. Laini yetu moja ya simu ikashikwa asubuhi nzima. Wakulima wako kwenye benchi, malori yanapiga honi. Mimi nikailaumu simu! Nikamwita fundi wa simu, mzee mzima, akapanda nguzo juani. Hakuona kosa.

"Shikamoo tena mzee, hebu panda uangalie vizuri."

Akapanda.

Aliposhuka akaomba kuona kompyuta. Akasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo: "Anwani ya kwanza inasema nenda ya pili. Ya pili inasema rudi ya kwanza." Chini yake maneno yale yale, kurasa na kurasa.

Bi Rukia akaniuliza, "Na yenyewe inakwenda tu?"

Benchi zima likanigeukia.

Mzee akajifuta jasho. "Msiilaumu programu. Hata mimi nimeambiwa panda, nikapanda. Nimeambiwa tena, nikapanda. Ila mara ya tatu, mwanangu, ningekuuliza kama una akili."