Mji Wasikofika Mashemeji

Ukoo wa Revokatus una ugonjwa mmoja, nao ni vikao. Mtu akitaka kuoa, kikao. Mtoto akifeli hesabu, kikao. Ruberwa wa Columbus, mdogo wake Revokatus, alipotaka kununua gari jekundu, watu wazima na akili zao walikaa kwenye simu jioni nzima wakijadili kama mtu aliyeokoka anafaa kuonekana ndani ya gari jekundu. Mwenyekiti wa maisha wa vikao hivyo ni Mzee Sipriani wa Louisville, baba yao mkubwa. Mzee huyu hushika simu vibaya, kiasi kwamba miaka yote hii jamaa zake wanaona paji la uso tu na kipande cha dari.

Basi Joselyne, mke wa Revokatus, alipopata habari kwamba kampuni moja ya nyumba za wazee huko Australia imemkubali awe nesi wao, alimwambia mumewe peke yake, jikoni kwao Buffalo, Amerika, na akamwomba asiseme kwa mtu. Kampuni ilikuwa na nyumba katika miji minne, Brisbane, Adelaide, Perth na Hobart, na ilimpa achague mwenyewe. Kufika jioni Louisville yote ilikuwa inajua. Revokatus ni mtu mwema, hanywi, hapigi, hana mambo, ila siri kwake ni kama chakula cha moto mdomoni. Kikao kikatangazwa, Jumapili baada ya ibada.

Joselyne alikasirika tangu siku hiyo, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Mwanamke huyu alizaliwa kambini Mtabila, kule Kasulu, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia Burundi. Kambini huchagui. Unapewa kijiji, unapewa turubai, unapewa maharage, na siku moja unaitwa ofisini na kupewa Amerika. Waliwapa Louisville bila kuwauliza kama wanaijua hata kwa jina. Sawa, hiyo ilikuwa serikali, na mtoto wa mkimbizi habishani na serikali. Lakini Louisville ndiko alikoolewa na Revokatus na kumzaa Blessing, na alikuwa ameanza kozi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini, mwalimu wake anamsifu, pale Mzee Sipriani alipoitisha kikao. Ikaamuliwa vijana wahamie Columbus, maana Ruberwa ameona kazi nzuri ghalani na kanisa linahitaji waimbaji. Joselyne aliambiwa afunge mizigo. Kozi ikabaki Louisville.

Columbus, ndugu zangu, ndiko alikotaka kufa. Nyumba yao iligeuka kituo cha ukoo. Anayeoa analala kwao, aliyefiwa analia kwao, anayetafuta kazi anakula kwao mpaka aipate, na akiipata anaendelea kula. Kila Jumamosi sufuria zile kubwa za harusi zilikuwa jikoni kwake, na mashemeji sebuleni wamekunja nne wakiuliza kama ugali umeiva. Alijiandikisha chuo, akaacha. Akajiandikisha tena. Mara ya pili aliacha wiki ya mtihani, kwa sababu mama mmoja wa ukoo alifariki na waombolezaji walifikia kwake, na hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyejua kwamba mwenye kuwapikia alikuwa na mtihani. Alilia bafuni, akafungulia maji ili wasimsikie, halafu akatoka akapakua wali.

Halafu kikao kingine. Buffalo kuna nyumba za bei nafuu, mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Revokatus atangulie akanunue, wengine watamfuata, ukoo uwe na shamba lake huko kaskazini. Joselyne alifunga tena mizigo, amenuna mpaka midomo inauma.

Lakini safari hii Mungu alimkumbuka, na alimkumbuka kwa theluji.

Mzee Sipriani alikuja mwezi wa Novemba kuibariki nyumba, na watu wa kujaza gari zima. Theluji ile ya Buffalo inayoletwa na upepo wa ziwani iliwaacha wale kwanza, washibe, waombe, walale. Asubuhi gari halikuonekana. Mzee alitoka na viatu vyake vya kanisani kwenda kulitafuta, akazama mpaka magotini, akarudishwa ndani amebebwa mabega huku na huku. Alishinda siku zote za theluji karibu na hita, kajifunika blanketi la Blessing lenye picha za sungura, akimuuliza Mungu kwa Kirundi kosa lake ni nini. Barabara zilipofunguliwa aliondoka bila kumaliza chai, na akasema mbele ya mashahidi kwamba hatakanyaga tena mji huu mpaka Yesu arudi. Wengine wote waliokuwa wanajiandaa kuhamia Buffalo wakasikia. Hakuja hata mmoja.

Joselyne alifunga mlango nyuma yao akacheka peke yake mpaka machozi. Tangu hapo, majirani wakilalamika baridi, yeye huitikia tu kwa heshima. Katika nyumba ile isiyo na mgeni alisoma. Alianza upya kabisa, masomo ya jioni, zamu za kuosha wazee asubuhi, mpaka akavaa sare ya nesi kamili. Akajifunza jambo ambalo hakumwambia mtu, kwamba mji hupimwa kwa baridi yake.

Kwa hiyo alipoambiwa achague Australia, hakusoma habari za mishahara wala shule. Alitafuta ni wapi kuna baridi kuliko kwingine. Hobart, kisiwani Tasmania, chini kabisa ya ramani, na mlima unaopata theluji juu yake. Brisbane kuna jua mwaka mzima, na yuko Leopoldi, mtoto wa binamu yao, na kanisa la Warundi, na kwaya. Maana yake sufuria. Akaandika Hobart, akapeleka jibu, akamwagiza mumewe awaambie wakubwa kabla ya kikao, akamwonyesha Blessing picha ya mlima kwenye simu, akaenda kazini. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kuchagua mahali pa kuishi, na siku ile aliendesha gari akiimba.

Jumapili ikafika. Revokatus aliegemeza simu kwenye chupa ya maji juu ya meza, akavaa koti, kana kwamba anakwenda harusini. Blessing alikuwa chumbani kwake juu. Ana miaka kumi na sita, na wazazi wakimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyemwita. Lilitokea paji la uso la Mzee Sipriani. Likatokea gari la Ruberwa na yeye ndani yake, maana nyumbani watoto wana kelele. Mzee aliomba, sala ndefu, akapita Misri na jangwani, akafika Australia mwishoni.

"Tumekwisha kulitazama jambo hili," alisema. "Ni Brisbane. Leopoldi ameona nyumba, mtaa huohuo wake, mlango kwa mlango. Na jana nimelitangaza kanisani, watu wamefurahi sana."

"Brisbane ni pazuri," alisema Ruberwa. "Hali ya hewa kama Kigoma. Hata baba mkubwa anaweza kukaa."

"Ego, ndiyo," alisema Mzee. "Mwakani na mimi nitakuja nikae kidogo. Mifupa yangu inataka joto."

Joselyne alimtazama mumewe. Revokatus alikuwa anatazama chupa ya maji.

"Baba Blessing," alisema Joselyne taratibu, "hukuwaambia?"

"Nilikuwa natafuta nafasi."

"Kutuambia nini?" Paji la uso lilisogea. "Mama Blessing, mwanangu, wewe usihangaike na haya. Tunayafanya kwa ajili yenu. Wewe tayarisha mizigo."

Tayarisha mizigo! Kama mzee yule angesema neno lingine lolote, labda Joselyne angejizuia, maana alilelewa akalelewa vizuri. Lakini alisema hilo, na mwanamke alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Baba mkubwa, shikamoo, nisamehe, lakini leo utanisikia. Mizigo nimeifunga mara ngapi? Louisville mlinitoa darasani. Columbus mlinila, mzee, mlinila mpaka mifupa! Hakuna aliyeniuliza nasoma nini. Kazi hii ni yangu, viza ni yangu, jina lililo kwenye karatasi ni langu, na mji nimekwisha kuuchagua. Tunakwenda Hobart."

Ruberwa alizima redio ya gari.

"Hobati," alisema Mzee. "Hobati ndiyo wapi? Nani yuko huko?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna Mrundi?"

"Hakuna. Na kuna baridi, baba mkubwa. Kuna baridi sana."

Hapo mzee alielewa, na ni haki kusema alielewa haraka kuliko wote. Paji la uso likakunjamana. "Kumbe ni sisi unaotukimbia," alisema. "Revokatus! Uko hapo? Mke wako anatufukuza na wewe umekaa?"

"Shemeji, hiyo ni aibu," alisema Ruberwa. "Msiba ukikufika huko, nani atakuzika?"

"Nitajizika mwenyewe!" alisema Joselyne, akanyoosha mkono, akakata simu.

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumkatia simu Mzee Sipriani. Watu humsubiri mpaka alale. Revokatus na yeye hasira ikampata, hasira ya mtu asiyeizoea.

"Umemkatia baba mkubwa! Yule aliyenilea!"

"Amekulea wewe. Mimi amenifanya mpishi."

"Ungeniachia niseme polepole."

"Polepole yako imenihamisha miji miwili, Revokatus! Umekaa pale unatazama chupa! Mwanaume mzima, nimekuambia jambo moja usiseme, ukalisema. Nikakuambia moja uliseme, ukalimeza."

Revokatus alivua koti, akachukua la baridi, akatoka nje kwenda kuzunguka mtaa, kama afanyavyo siku zote maneno yakimwishia. Joselyne aliinua kiti. Ndani alijisikia mkubwa, mkubwa kama nyumba. Ameshinda. Angeweza kulirudia kila neno mbele ya kanisa zima.

Aligeuka akamkuta Blessing amekaa kwenye ngazi. Hakujua amekaa pale tangu lini.

"Umesikia?" alimuuliza, nusu akitabasamu. "Mama yako leo amewaambia."

"Nimesikia," alisema Blessing, na alisema kwa Kiswahili. "Na mimi mliniuliza lini?"

"Kukuuliza nini? Si nilikuonyesha picha?"

"Ulinionyesha. Hukuniuliza."

Joselyne alihisi hasira ikimrudia, na ilikuwa tayari, haikuwa imekwenda mbali. "Blessing, usinianze. Haya yote nayafanya kwa ajili yako. Wewe hujui kule Columbus nilivyoteseka, watu usiku na mchana…"

"Najua. Nilikuwepo." Msichana alikuwa anatafuta maneno, Kiswahili chake ni cha kukatakata, lakini hakukimbilia Kiingereza. "Kule nilikuwa nalala na kina dada wanne kitanda kimoja. Shangazi ananisuka. Nikirudi shule kuna watu. Hapa nikirudi, nafungua mlango na ufunguo, napasha chakula, nakula. Baba yuko ghalani, wewe uko chuoni. Theluji inaanguka, hakuna mtu anakuja. Wewe ulikuwa unafurahi hakuna mtu anakuja. Ulikuwa unasema kila siku. Mimi nilikuwa natazama dirishani kama gari la baba mkubwa litakuja."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa unasoma, mama."

Joselyne alikuwa na majibu ya kumpa Mzee Sipriani, mengine hata hakuyatumia. Alikuwa na ya Ruberwa na ya mumewe. Kwa mtoto huyu alitafuta, akapata yaleyale aliyokwisha kuyasema, kwamba ni kwa ajili yako, na safari hii aliyasikia kwa sauti ya yule mzee, akayaacha.

"Haya," alisema, na sauti bado ilikuwa kali, hakuweza kuilainisha. "Nakuuliza sasa. Wewe unataka mji gani?"

"Columbus."

"Columbus haiko Australia!"

"Najua," alisema Blessing. Alisimama, akamtazama mama yake kidogo, bila ukorofi, kisha akapanda ngazi kurudi chumbani na kufunga mlango taratibu.

Joselyne alibaki pale chini amesimama na hasira yake yote, na nyumba iko kimya kama alivyoipenda siku zote. Akaita mara moja, "Blessing!" Mlango wa juu haukufunguliwa.