Tulikuwa Tisa Jumamosi Ile

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kusema tuko wangapi. Kuku ungeweza kuhesabu, na magunia ya viazi, na hata vikombe. Watu, la. Shosho, mama yake baba, alisema ukimwelekezea mtu kidole na kumtajia namba, kuna kitu kinasikia, na kikishasikia kinakuja kupunguza. Mgeni akimuuliza ana wajukuu wangapi, alianza kuwataja kwa majina, polepole, mpaka mgeni akajuta kuuliza.

Tuliishi mlimani, juu ya barabara kuu, upande wa Molo, si mbali na Sachangwan. Nilikuwa darasa la nne. Ijumaa moja mwalimu wa hesabu alitupa kazi ya nyumbani: tuchore grafu ya vitu vilivyo kwetu. Ng'ombe, kuku, miti ya matunda, watu.

Jumamosi baada ya chakula nilikuwa nimeketi kwenye gunia nje ya jikoni, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Tata Nyambura, dada mdogo wa baba, akinisuka. Tata alikuwa amemaliza shule na alikuwa akingoja kwenda Nakuru kujifunza kazi ya saluni, kwa hiyo vichwa vyetu vyote vilikuwa vya majaribio. Alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Ukilia kwa uchungu wa kuvutwa nywele, alikuimbia wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya makusudi, mpaka ucheke.

"Shosho, tuko watu wangapi?" nikauliza, daftari likiwa mapajani.

Shosho alikuwa akimenya viazi. Hakuinua hata macho. "Kwani mwalimu wenu hana kazi? Andika kuku. Watu hawahesabiwi."

Niliandika kuku. Lakini nilikuwa mtoto wa kupenda kuwekewa alama ya vema, na grafu yenye pengo ilinikera. Nikanyoosha kidole chini ya daftari na kuanza: Shosho, baba, mama, Tata, sisi watoto watano. Tisa. Nikapaka visanduku tisa kwa penseli nyekundu.

Tata aliona. Aliinama akaninong'oneza, "Na mimi umeniweka? Niweke mara mbili, nimekula ya watu wawili."

Tulicheka mpaka Shosho akatuuliza kuna nini. Kama ningepewa kurudishiwa kitu kimoja tu cha utoto wangu, ningeomba kicheko hicho, na pumzi yake ya joto sikioni.

Jioni ilikuwa inakaribia jirani alipopita mbio na mtungi wa manjano, akisema lori la mafuta limeanguka barabarani na kila mtu yuko huko anachota. Tata alikuwa amemaliza upande wa kulia. Akachomeka kitana kwenye nywele za upande wa kushoto, akasimama.

"Wacha nikaone. Kila mtu ameenda, ni mimi tu nitabaki?"

"Na kichwa yangu?"

"Wewe maliza homework. Nikirudi namalizia hiyo upande ingine."

Alichukua mtungi wa maji, akamwaga maji yaliyobaki kwenye maua ya Shosho, akateremka. Nilisikia mtungi mtupu ukigongagonga mguu wake hadi akapotea nyuma ya ua.

Yaliyofuata Kenya nzima inayajua. Sisi tuliyajua kwa mshindo uliotikisa mabati, kisha kwa moshi, kisha kwa sauti za watu waliopanda mlima wakikimbia. Baba alizunguka hospitali kwa siku nyingi, na kila alipoulizwa alijibu kwamba hajamwona. Redio ilitaja idadi ya waliokufa, na idadi ilizidi kupanda. Kila mtangazaji alipofika hapo, Shosho alizima. Mwishowe tulisimama kwenye kaburi la pamoja, pamoja na familia nyingine ambazo hazikujua mtu wao ni yupi.

Watu walisema mengi kuhusu waliokwenda na mitungi. Wapo wanaoyasema hadi leo, nami hukasirika. Tata hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakupenda kupitwa na jambo.

Mimi nilijua nimemuua. Nilichukua kifutio nikajaribu kuondoa visanduku vya watu, lakini penseli nyekundu haikukubali kufutika, na nikasugua mpaka karatasi ikatoboka. Mama aliponifumua upande uliosukwa ili niende mazishini nikiwa nadhifu, nililia hadi nikatapika. Kila mtu alidhani ni huzuni. Sikumwambia mtu, miaka kumi.

Kisha ukafika mwaka wa sensa, nikapata kazi ya ukarani, nikapangiwa mtaa wetu wenyewe. Asubuhi moja nikaingia kwa Shosho na koti langu la kung'aa. Alikuwa amezeeka, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Shosho, ni watu wangapi walilala hapa usiku wa sensa?"

"Andika kuku," akasema.

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote: kidole chini ya daftari, tisa, penseli nyekundu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulihesabu mara moja?"

"Mara moja tu, Shosho."

"Mimi niliwahesabu kila jioni nikifunga mlango. Kimoyomoyo. Unafikiri mzazi hulala namna gani? Kama ni kuhesabu kulimuua, basi ni mimi." Akanifuta uso kwa leso yake. "Na mpaka leo nikifunga huo mlango, huwa nakosa mmoja."

Kisha akanitajia waliolala pale, jina kwa jina, nami nikaandika.

Shosho naye ameshakwenda. Sijui kama aliiamini miiko yake au aliogopa tu kuisikia namba kwa sauti, kwa maana namba ikishasemwa, inaweza kupungua. Siku hizi naishi Njoro na watoto wangu. Jioni nikifunga mlango nawapitia kwa macho, bila kidole, na nikimaliza kuna nafasi moja ambayo moyo huendelea kuitafuta.

Nywele zangu nazikata fupi tangu shule ya msingi. Wenzangu kazini huniuliza kwa nini sisuki, na kichwa changu ni kizuri. Huwajibu kwamba nimezoea hivi. Ukweli ni kwamba kuna mtu aliniambia atarudi kumalizia.