Naisiae na Kibonyezo cha Mkono wa Kushoto

Naisiae alikuwa akiuza dawa za mifugo pale Daraja Mbili, na wateja wake wengi hawakujua kwamba kila Jumapili alipiga obo katika usharika mmoja wa Moshono. Waliowahi kumwona kanisani waliiita filimbi, wengine klarineti, naye alishachoka kuwasahihisha. Obo ni zumari la Kizungu: la mbao nyeusi, limejaa vibonyezo vya rangi ya fedha toka juu mpaka chini, na mpigaji hupuliza kwenye vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa kwa uzi. Alifundishwa akiwa sekondari na mwalimu wa kujitolea, na mwalimu yule alipomaliza muda wake alimwachia obo yenyewe.

Mtu mwingine aliyemfahamu mwenye chombo kama hicho alikuwa mmoja tu, Mzee Hans Kaaya wa Akheri, bwana misitu mstaafu aliyesomea Ujerumani na kurudi na obo yake kwenye begi. Walikutana kwenye semina ya wanamuziki wa kanisa. Mzee Hans aliichukua obo ya Naisiae, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akasema, kwa huruma iliyomchoma Naisiae kuliko dharau, kwamba ile ilikuwa ya wanafunzi. Yake yeye ilikuwa na vibonyezo vya ziada. Kimoja alikisifu kuliko vyote: kibonyezo cha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, cha kutolea noti ya F. Naisiae alijibu mbele ya watu kwamba F anaitoa kila siku kwa mkono wa kulia na haijawahi kumgomea, na kwamba vibonyezo vya ziada ni pambo, sawa na kumfunga ng'ombe kengele ya pili. Watu wakacheka. Mzee Hans hakucheka. Tangu hapo, wakikutana ilikuwa salamu fupi, kila mtu na njia yake.

Nyumbani Moshono, Naisiae na mumewe Lomayani walifuga ng'ombe wa maziwa bandani. Jioni moja ya kiangazi alikuwa akiingiza mabingobingo kwenye mashine ya kukatia majani, mawazo yakiwa kwingine, na mashine ikakidaka kidole cha pete cha mkono wa kulia. Hospitali walikiokoa. Daktari alimwambia ashukuru, naye alishukuru. Lakini kilipopona kilikuwa kama kidole cha mtu mwingine: kiliweza kuinuka na kushuka, ila kwenda pembeni kilikataa.

Dukani hakikumsumbua sana. Kwenye obo ndiko alikojua amepoteza nini. Ukipiga noti ya D, vidole vyote vinafunika matundu, pamoja na kidole cha pete cha kulia. Ukitaka kupanda hadi F, kidole hicho kinatakiwa kitoke kwenye tundu lake na kutelezea kwenye kibonyezo kilicho pembeni. Alikuwa amefanya hivyo tangu usichana wake bila hata kufikiri. Sasa kidole kilibaki palepale. Ipo njia nyingine, ya kuinua kidole cha kati na kukiacha cha pete chini, ambayo yeye aliiita F ya panda, maana vidole hukaa kama panda ya mti. Lakini kwenye obo yake sauti ya F hiyo ilikuwa butu, kama ya mtu anayeimba amejifunika blanketi.

Eliud, mwalimu wa kikundi cha ala, alivumilia kwa muda. Kisha siku moja baada ya mazoezi alimwita kando, akamwambia taratibu kwamba kama anaona taabu, wanamhitaji pia mtu wa kupiga tari. Naisiae alisema atafikiria. Alifika nyumbani akakamua ng'ombe. Lomayani alipomuuliza kulikoni, alimweleza yote, mpaka habari ya kibonyezo cha Mzee Hans.

"Basi nenda Akheri," Lomayani alisema.

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba alikuwa sahihi. Wazee wanapenda kuambiwa hivyo."

Alipanda bodaboda Jumamosi mchana baada ya kufunga duka. Mzee Hans alikuwa barazani, ametoka kupogoa kahawa, na mkewe Bibi Hanna akawaletea loshoro, makande yaliyopondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, kwenye vikombe vikubwa. Naisiae alimwamkia, mzee akaitikia, akamuuliza habari za watoto. Walizungumza mvua na bei ya mbegu. Mwishowe Naisiae akaweka mkono mezani, akamwonyesha kidole.

"Baba, siku ile nilisema ni pambo. Nilikosea. Nimekuja kuomba niijaribu ya kwako."

Mzee Hans alikitazama kidole, akaendelea kukoroga loshoro ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mwanangu," alisema, "mimi hicho kibonyezo sijawahi kukitumia."

Naisiae alidhani anadhihakiwa. Lakini mzee alieleza kwa utulivu kwamba obo ile aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Mwalimu wake kule alimgombeza ajifunze kutumia kidole cha kushoto, naye akawa ameshazoea kutelezesha cha kulia. Alikisifia kwa sababu aliipenda obo yake. Siku ile ya semina, kama kuna mtu angemwambia akitumie hata kwa wimbo mmoja, angeaibika. Ndani ya nyumba Bibi Hanna alisikika akicheka.

Obo ikaletwa. Naisiae alipokibonyeza kibonyezo kile mara ya kwanza hakikutoka kitu, kwani kifuniko cha tundu lake kilikuwa kimenata kwa kukaa bila kazi. Mzee Hans alikisafisha kwa karatasi laini. Safari ya pili Naisiae alianza na D, akainua kile kidole kigumu, akabonyeza kwa kidole cha mwisho cha kushoto, na F ikatoka safi, imenyooka. Alirudia mara nyingi. Macho yalimlowa, akainamisha kichwa akijifanya anatazama tete.

Kibonyezo hicho hakikumaliza matatizo yote. Kidole hichohicho cha kushoto kina kazi nyingine, ya kutolea A bemoli, yaani A iliyoshushwa nusu sauti, na noti hiyo ikikaa jirani na F, hakiwezi kuwa sehemu mbili kwa pamoja. Hapo ilibidi arudi kwenye F ya panda na kuipita haraka. Halafu chombo chenyewe kilikuwa kizito, na uzito wote hubebwa na dole gumba la kulia. Hata hivyo mzee alimwazima mpaka sikukuu ya mavuno, na Naisiae akamwachia yake ili nyumba isikae bila obo.

Alifanya mazoezi bandani, ng'ombe wakimtazama. Kazi ngumu haikuwa kukifundisha kidole kipya, ilikuwa kukinyamazisha kile cha zamani, ambacho kila ikija F kilishtuka kikitaka kuteleza. Siku ya mavuno alipiga wimbo mzima. Mahali pamoja alikosea na F ikatoka butu. Eliud aliitikia kwa kichwa kumpa moyo, na habari ya tari haikutajwa tena.

Wiki iliyofuata aliirudisha obo Akheri. Mzee Hans hakunyoosha mkono kuipokea.

"Hii yako ni nyepesi," alisema. "Ile ilikuwa inaniumiza dole gumba, nikadhani ni uzee. Sasa napiga kila asubuhi."

Naisiae alisita, akasema kwamba ya mzee ni bora zaidi na watu watasema amemlaghai. Bibi Hanna ndiye aliyeamua. Alimwambia aichukue aende nayo, kwa kuwa mumewe hajapiga hivyo tangu watoto wakiwa wadogo, na yeye hataki kuona begi lile kubwa likirudi kukaa chini ya kitanda.

Lomayani alikata mkanda wake wa zamani wa ngozi, akamshonea mkewe kamba ya kuvaa shingoni ili uzito upungue kwenye dole gumba. Kulisha mashine ya majani sasa ni kazi yake yeye. Mzee Hans akiwa mjini hupitia dukani kununua dawa ya minyoo ya mbuzi, na kabla hajaaga huuliza kama kile kifuniko hakijanata tena.