Hati ya Nyumba na Ng'ombe wa Longisa

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimeona lori langu likirudi kinyumenyume kutoka juu ya kilima, limejaa kuni mpaka juu, dereva ameruka, turnboi, yule msaidizi wake, anapiga nduru, na likaenda kusimama lenyewe mlangoni mwa kanisa bila kugusa hata ua. Nilikuwa nakunywa chai ng'ambo ya barabara. Nilimaliza chai kwanza. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, chumba kimoja, wazazi waliotoka milima ya upande wa magharibi kuja kuchuma majani ya wenyewe, akaacha shule darasa la sita, na leo viwanda vya chai vinangoja kuni zake ndio boila ziwake, huyo mtu utamshangaza na nini?

Basi ninachotaka kueleza ni jambo ambalo halikunishangaza. Ila sijalielewa mpaka leo.

Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya Kericho, njia ya kwenda Sosiot. Vyumba vitatu vya kulala, mabati ya rangi, na jiko la ndani ambalo mama yangu angeliona angedhani ni ofisi. Tuliinunua kwa mkopo mimi na mama ya msichana wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Longisa huko Bomet. Pesa nyingi nilikuwa nazo mimi, hilo kila mtu anajua, lakini wale wa sacco iliyotukopesha waliniambia kuni si payslip. Payslip ilikuwa yake. Kwa hivyo mkopo ukaandikwa majina mawili, na hati ya nyumba majina mawili, na kila mwezi tulikuwa tunalipa elfu arobaini na tatu na mia tano, nusu yangu, nusu yake.

Halafu akaondoka. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nimekaa natoa viatu. Akatoka chumbani na masanduku mawili.

"Unaenda wapi na hayo?"

"Nyumbani. Nimechoka kuishi ndani ya hotuba."

"Hotuba gani?"

"Hiyo unataka kuanza sasa."

Nilikuwa kweli nimefungua mdomo. Nikaufunga. Hakukuwa na mwanamke mwingine, hakukuwa na pombe, sijawahi kuinua mkono. Nilifikiri atarudi jioni, kwa sababu cherehani yake aliiacha. Wiki iliyofuata alituma pikapu ikachukua cherehani. Akapata uhamisho, akaanza kufundisha shule ya kwao. Msichana wetu, aliyekuwa bado mdogo, akawa likizo moja huku, likizo moja kule.

Nikalipa peke yangu miaka sita. Mwanaume ambaye hajawahi kulipa nyumba kwa kuni za mikaratusi hajui kulipa. Mvua ikinyesha Kedowa, ile barabara ya kutoka msituni inakuwa kama uji, lori linalala huko siku tatu na kiwanda kinanunua kwa mwingine. Kiwanda nacho kinalipa kinapotaka. Nilikuwa na malori matatu, nikauza moja. Pale buchari tunapokula nyama nilikuwa nawaambia wenzangu nalipa ile nyumba kama mtu ananunua nyanya. Nikifika nyumbani nazima taa za vyumba ambavyo hakuna mtu, na vyumba ambavyo hakuna mtu ni vyote isipokuwa kile nimekaa.

Siku nilipomaliza, sacco wakanipa barua ya kusema deni limekwisha. Nikavaa koti, nikaipeleka kwa wakili nikitaka hati itoke kwa jina langu peke yangu. Yule wakili ni kijana, tai imembana shingo.

"Mzee, huyu mama lazima asaini kukupatia sehemu yake. Ni mke wako?"

"Alikuwa."

"Mlioana wapi?"

"Tulikaa."

"Kukaa si jibu la hii fomu," akasema. "Ni mke, au si mke. Asiposaini, nusu ya nyumba ni yake, hata kama umelipa wewe."

Nikampigia simu. Sikutegemea ashike, lakini alishika, na tukakutana hoteli moja mjini Bomet. Amenenepa kidogo, imemkaa vizuri. Nikamweleza habari ya fomu nikingoja vita. Yeye akatia sukari kwa chai yake, akakoroga.

"Mimi nyumba yako siitaki. Nitasaini."

"Leo?"

"Nisaini kama nani? Nikiandika mimi ni mke wako, baba yangu hajawahi kuona ng'ombe wako hata mmoja. Nikiandika mimi si mke wako, nina msichana wako wa kidato cha pili. Nenda nyumbani kwetu ukawaulize mimi ni nani. Wakikuambia, nitaandika hivyo."

Ni kweli ng'ombe sikuwa nimepeleka. Si kwa kukosa. Nilikuwa nimepanga kuwapeleka wote siku moja kwa lori langu mwenyewe, wakishuka mmoja mmoja watu wakihesabu. Kila mwaka kulikuwa na tairi, kulikuwa na mvua, na yeye alikuwa ameshaingia nyumbani. Sasa nikaenda Longisa na pikapu na mkate, na mzee wake akanipokea vizuri sana, akaagiza niletewe mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Nikanywa. Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatuna ugomvi na wewe," akasema. "Hatukujui tu."

"Mzee, nimekaa na binti yako miaka tisa."

"Nasikia hivyo. Watu wanasema." Akamgeukia kaka yake aliyekaa karibu. "Wewe umewahi kuona huyu akileta mtu hapa, azungumze?"

"Mimi nimeona lori," yule kaka akasema. "Lilipita hapo barabarani, likapiga honi."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Halafu mzee akaacha kucheka. Akaniambia mtoto wake hawezi kuandika kwa serikali kwamba ni mke wa mtu ambaye hakuleta koito, yaani yale mazungumzo ya mahari yenye watu wa pande mbili na ng'ombe. Na kuandika kwamba si mke ni kumfanya msichana wangu awe mtoto wao. "Siku yake ikifika, ng'ombe wake watakuja boma hili, na wewe utaalikwa kula kama jirani. Chagua."

Nilikuwa nimeenda kutafuta saini ya kuachana.

Nikamwendea kaka yangu mkubwa, kwa sababu koito huwezi kujipeleka mwenyewe. Yeye alichuma chai maisha yake yote, sasa amestaafu, anafuga kuku. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndugu yangu, watu wanalipa mahari ili waoe. Wewe unalipa ili uachwe!"

"Utaenda au hutaenda?"

"Nitaenda. Hii siwezi kuhadithiwa."

Wao walitaka ng'ombe saba. Kaka yangu akasema huyu bwana harusi nywele zimepungua, apunguziwe pia. Wakashuka mpaka watano, kondoo wawili, blanketi ya mzee, nguo ya mama. Nikawaleta kwa lori, na niseme ukweli, waliposhuka mmoja mmoja watu walihesabu. Nilisimama wima. Ndipo wakamwita yeye, akatoka na leso mpya mabegani, akaketishwa kando yangu, na shangazi yake akatupaka siagi kwenye paji la uso, yeye kwanza, kisha mimi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho nione kama anacheka. Alikuwa analia, lakini kulia kwa namna gani sikujua, na mahali pale huwezi kuuliza. Msichana wetu alikuwa anagawa soda, amefurahi, kana kwamba ndiyo siku tulikutana.

Jumanne mama yake alikuja Kericho kwa wakili, ameomba ruhusa shuleni. Akasoma kila karatasi, mwalimu ni mwalimu. Pale palipoulizwa yeye ni nani akaandika: mke. Pale pa kusema hana dai lolote kwa nyumba, akasaini. Yule kijana wa tai akapiga muhuri. Tukatoka nje, jua linawaka juu ya majani ya chai, yanang'aa kama yameoshwa.

"Sasa tunaenda wapi?" nikauliza.

"Mimi naenda stendi. Nina darasa la nne saa nane."

"Na sisi?"

"Sisi tumeoana," akasema. "Si uliona watu wote wale?" Akacheka, kile kicheko ambacho sikuwa nimekisikia ndani ya nyumba ile hata siku moja, na akavuka barabara.

Siku hizi mzee wake ananipigia simu, ananiita mkwe, ananieleza ni ng'ombe gani amezaa. Binti yake mwenyewe hupiga Jumamosi kuuliza kama nimelipa karo, na mara nyingine tunaongea mpaka salio linakwisha. Hajasema atarudi. Hajasema hatarudi. Nikitaka kuuliza naona kama nitaanza hotuba, nauliza habari za mvua. Hati iko kwa sanduku chini ya kitanda, jina langu peke yake, na kisheria hakuna mtu anaweza kunitoa humu. Pale buchari wananiuliza, mzee, wewe una mke au huna? Ninachojua ni bei, mkopo wa ile miaka sita, ng'ombe, kondoo, blanketi, wakili na mihuri yake: shilingi milioni tatu, laki tano, elfu arobaini na tisa, na mia nne.